Likasi: Vakanse ndefu, na watu waliobaki na vijana kuwafundisha mbio

LIKASI, Haut-Katanga. Mwanzoni mwa mwezi wa saba shule za Likasi hufunga. Watoto hurudi nyumbani na buletini mkononi, wakubwa wao wanangoja matokeo ya Egzeta, na kwa miezi miwili hakuna kengele ya kuwaamsha. Ni kiangazi. Asubuhi baridi inauma, mchana vumbi jekundu linapanda, na hakuna anayetazamia mvua kabla ya masomo kuanza tena mwezi wa tisa.

Kila mzazi wa Kikula, Panda au Shituru anajua maswali ya wakati huo. Watoto watafanya nini siku zote hizi? Wengine wanasaidia mama sokoni. Wengine wanacheza mpira mpaka giza liingie. Na wengine, hasa wale ambao nyumbani chungu hakipandi jikoni kila siku, wanawafuata wakubwa kwenye machimbo kutafuta mawe ya shaba na kobalti. Kwa familia zilizohama makwao swali ni zito zaidi, kwa sababu mtoto wa mgeni hana shamba la babu la kwenda kukaa wakati wa vakanse.

Kuna historia moja ya Afrika Mashariki inayogusa swali hilo. Ni historia ya mbio ndefu za vijana wa shule, zile zinazoitwa mbio za nyika, ambapo timu ya wanafunzi hukimbia juu ya majani, udongo na vilima badala ya uwanja. Wengi wanafikiri mabingwa wa mbio hizo wanatokana na damu tu, au na milima mirefu. Lakini ukifuatilia walikopita, unakuta mara kwa mara kitu kilekile: likizo ya shule, barabara ya udongo, na mtu mzima mmoja aliyekubali kubaki na vijana wakati wenzake wamekwenda kupumzika.

Mchezo uliozaliwa shuleni

Mbio za nyika zilianzia katika shule za Uingereza katika karne ya 19. Huko Shrewsbury na Rugby wanafunzi walicheza mchezo wa kufukuzana mashambani: wachache walitangulia kama sungura, wengine wakawafuata kama mbwa wa kuwinda. Baadaye mchezo ukawa mashindano. Mwaka 1903 nchi za visiwa vya Uingereza zilikutana Scotland kwa mashindano ya kwanza ya kimataifa.

Olimpiki pia iliupokea, lakini haukukaa. Tarehe 10 mwezi wa saba 1924, mjini Paris, wanaume 38 walianza mbio za nyika chini ya jua kali sana. Waliofika mwisho walikuwa 15 tu. Wengine walianguka njiani. Baada ya siku hiyo mchezo huo uliondolewa katika Olimpiki. Mwalimu yeyote anayewatoa watoto kukimbia saa sita za mchana angefaa kuikumbuka siku hiyo.

Wabelgiji walioitawala Kongo waliupenda mchezo huu kwao. Mbelgiji Gaston Roelants alishinda mbio za kimataifa za nyika mara nne kati ya 1962 na 1972, na mashindano ya kwanza ya dunia yaliyopewa jina hilo yalifanyika Waregem, Ubelgiji, mwaka 1973. Hapa Katanga, mchezo ulioshika mizizi ni mpira wa miguu. Katika Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa hadi 1966, maisha ya familia nyingi yalizunguka kampuni ya migodi: kazi, nyumba, shule, hospitali, na michezo baada ya kazi. Mpira ulipata viwanja na mashabiki, na matunda yake yanaonekana hadi leo. TP Mazembe ya Lubumbashi imechukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mara tano. Mbio ndefu hazikupata mlezi wa namna hiyo.

Mwalimu wa jiografia wa Iten

Mwaka 1976 mtawa mmoja kijana kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika Iten, mji mdogo ulio ukingoni mwa Bonde la Ufa nchini Kenya, kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Alikuja kufundisha jiografia katika shule ya wavulana ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha, wala hakuwa mkimbiaji.

Shuleni hapo alimkuta Mwingereza Peter Foster, aliyesimamia riadha. Huyo alikuwa ndugu wa Brendan Foster, aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Brother Colm akawa msaidizi wake. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia yule mwalimu wa jiografia. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe: nani anakanyaga chini kwa uzito, nani mabega yake yamekaza, nani anatoka mbio akichoka na nani anatoka akicheka.

Miaka kumi na miwili baadaye, huko Seoul 1988, Peter Rono aliyepita shule hiyo alishinda dhahabu ya mita 1,500. Mwaka 1992 huko Barcelona, Matthew Birir, naye wa shule hiyo, alishinda mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000. Wilson Kipketer, aliyesoma hapo kabla ya kuhamia Denmark, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo: 1995, 1997 na 1999. Katika uwanja wa shule miti imepandwa kwa heshima ya mabingwa, mti mmoja kwa kila jina.

Lakini jambo linaloihusu Likasi zaidi lilianza mwaka 1989. Mwaka huo Brother Colm alianzisha kambi za vijana wakati wa likizo. Shule za Kenya hufunga mara tatu kwa mwaka, mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na mbili. Mabweni yalikuwa matupu, jiko lilikuwa limelala, barabara za udongo zilikuwa palepale. Kambi hizo zilifungua mlango hasa kwa wasichana, ambao hadi wakati huo walionekana kidogo sana katika mbio ndefu. Msichana aliyekaa nyumbani siku zote za likizo alikuwa na maji ya kuteka, kuni za kukata na wadogo wa kulea. Akiwa kambini, kwa wiki chache, alikuwa na kazi moja tu: kujifunza kukimbia, kula, na kulala.

Miongoni mwa waliopita katika kambi hizo ni Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka mwaka 2007, na Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na tena 2013. David Rudisha alifika Iten akiwa bado mwanafunzi, akawa chini ya mkono wa mwalimu huyohuyo. Tarehe 9 mwezi wa nane 2012, mjini London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Katika mbio za nyika zenyewe, timu ya wanaume ya Kenya ilishinda ubingwa wa dunia mwaka 1986 na haikuuachia hadi 2003: miaka 18 mfululizo. Haikuwa kazi ya shule moja wala ya mtu mmoja. Lakini wengi wa wakimbiaji wa nchi hiyo walianza mchezo shuleni, na likizo zilikuwa sehemu ya kulelewa kwao.

Kwa nini likizo?

Mwili wa mkimbiaji wa mbio ndefu haujengwi kwa siku mbili. Mtu akikimbia taratibu, siku nyingi, moyo wake unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo inaongezeka katika misuli. Mifupa na kano za miguu zinakomaa pia, lakini pole pole kuliko moyo. Ndiyo maana kijana anayejisikia na nguvu nyingi wiki ya pili, akazidisha, huumia wiki ya nne.

Kazi hiyo inataka wiki sita, nane, kumi za utulivu. Wakati wa masomo nafasi hiyo ni adimu: kuna kutembea kwenda shule, kazi za nyumbani, mitihani. Kwa hiyo katika shule za sekondari za Marekani, ambako mashindano ya mbio za nyika huanza mwezi wa tisa, timu hufanya mazoezi mwezi wa saba na wa nane, shule ikiwa imefungwa. Miezi hiyo ni ileile ya vakanse ya Kongo.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Mwendo wa siku nyingi ni ule unaomruhusu mtu kuongea na mwenzake bila kukata pumzi. Umbali unaongezwa kidogo kila wiki. Siku moja ya kilima, siku moja ya kasi, na angalau siku moja ya kupumzika kabisa. Alfajiri kabla ya jua, maji kabla na baada, chakula cha kutosha. Kambi za Iten ziliongeza jambo moja: mazoezi ya kukaa wima, kuinua goti vizuri na kulegeza mabega, ambayo hayahitaji kiatu wala saa.

Kutoka kambi ya wakimbizi

Historia hii ina upande mwingine, na familia zilizokimbia vita zitautambua haraka.

Mwaka 1991, katika kijiji cha Sudan Kusini ya sasa, mtoto wa miaka sita aitwaye Lopez Lomong alitekwa na watu wenye silaha kanisani, siku ya Jumapili. Alitoroka usiku pamoja na vijana watatu wakubwa kidogo kuliko yeye, wakakimbia siku tatu hadi wakaingia Kenya. Aliishi miaka kama kumi katika kambi ya Kakuma, kwenye jangwa la Turkana. Huko watoto walikuwa wengi kuliko mipira. Wakubwa waliweka sheria: anayetaka kucheza mpira, kwanza azunguke kambi yote, karibu kilomita 30. Lomong alizunguka.

Mwaka 2000 alilipa shilingi tano kutazama Olimpiki kwenye televisheni ndogo, akamwona Michael Johnson wa Marekani akishinda. Mwaka uliofuata alipelekwa Marekani, akaingia shule ya sekondari ya Tully katika jimbo la New York, na kujiunga na timu ya mbio za nyika ya shule hiyo. Mwaka 2008 huko Beijing, wanariadha wa Marekani walimchagua yeye kuibeba bendera yao mbele ya dunia.

Kakuma haikuishia hapo. Tegla Loroupe, Mkenya aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1994 na 1995, alianzisha shirika lake la amani mwaka 2003, akitumia mbio kukutanisha vijana wa makabila yaliyokuwa yanapigana. Baadaye alikwenda Kakuma kutafuta wakimbiaji. Wengi waliojitokeza hawakuwa na viatu vya mbio. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, wakalala, wakala na kufanya mazoezi pamoja. Watano kati yao waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, huko Rio mwaka 2016. Aliyebeba bendera alikuwa mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen.

Timu ile ilikuwa na watu kumi, na wawili walikuwa Wakongomani: Popole Misenga na Yolande Mabika, wachezaji wa judo waliotoka upande wa Bukavu na kupata hifadhi Brazil. Misenga alishinda pambano lake la kwanza, na uwanja wote ukamshangilia.

Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu

Mfano ulio karibu zaidi na Likasi uko Kongo kwenyewe. Makorobondo Salukombo alizaliwa Kirotshe, katika eneo la Masisi, Kivu Kaskazini. Familia yake ilikimbia vita, ikapitia Uganda na kufika Marekani, karibu na mji wa Cleveland katika jimbo la Ohio. Huko, kijana huyo alianza kukimbia akiwa mwanafunzi, akaendelea hadi chuo kikuu cha Denison.

Angeweza kubaki Ohio na maisha yake. Alirudi Kirotshe, akawakusanya vijana wa kijiji na kuanza kuwafundisha mbio kwenye barabara zilezile ambazo watu walizipita wakikimbia risasi. Mwaka 2016 alikimbia marathoni ya Rio kwa bendera ya Kongo. Katika Olimpiki hiyohiyo, Beatrice Kamuchanga, msichana wa Kivu Kaskazini, alikimbia mita 5,000 kwa taifa lake.

Hawakuleta medali. Lakini kwa mtu wa Likasi kuna hesabu ya kutazama. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Likasi iko kwenye mita 1,300 hivi. Tofauti yake na Kirotshe si kubwa. Anayesema mbio ni za watu wa milima ya Kenya peke yao atafute sababu nyingine.

Na Likasi?

Likasi inajua kuhama, kwa pande zote mbili. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao mjini hapa. Zilijaa kwenye kituo cha treni, zikalala hapo wiki na miezi zikingoja gari la kuondoka, na wengine walikufa wakingoja. Miaka ya 2000 vita vya Mitwaba na Pweto viliwatoa maelfu ya watu vijijini, baadhi yao wakifika hadi Likasi wakitafuta usalama. Katikati ya hayo, mwaka 2003, Gécamines iliwaaga wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 wa Katanga kwa malipo ya mara moja. Kampuni ilipopungua, na michezo iliyoishi chini ya mbawa zake ilipungua.

Kwa hiyo watoto wanaokaa pamoja leo katika darasa moja la Likasi wana babu waliofukuzwa, waliofukuza, waliokimbia na waliopokea. Timu ya mbio za nyika ina kanuni inayofaa darasa kama hilo. Timu haihesabiwi kwa mtu wa kwanza peke yake. Nafasi za wakimbiaji kadhaa zinajumlishwa, na mara nyingi yule wa nne au wa tano ndiye anayeamua kama timu imeshinda. Mwenye kasi analazimika kumngoja na kumtia moyo aliye nyuma, awe mtoto wa nani.

Vijana hawakosekani, wala vilima, wala njia za udongo. Barabara kubwa ya Lubumbashi kwenda Kolwezi haifai, kwa sababu ya malori, na mashimo ya zamani ya migodi lazima yaepukwe kabisa. Lakini kuna njia za miguu kuelekea mashambani, na alfajiri ya mwezi wa saba ina hewa ya baridi ambayo mkimbiaji wa Paris mwaka 1924 angeililia.

Kuna la kusema kweli pia. Kukimbia kunataka kula. Mtoto anayelala na njaa asiongezewe kilomita. Kambi za Iten zilikuwa na jiko, ya Ngong ilikuwa na jiko, na hakuna aliyeufanya umaskini kuwa zoezi. Kikundi cha watoto kumi kinachokimbia mara nne kwa wiki na kurudi kwenye sahani moja ya bukari na maharagwe kina faida kuliko watoto mia wanaokimbizwa siku moja mbele ya wageni. Na mbio hazitamtoa kila mtoto kwenye umaskini. Kwa kila Rudisha kuna maelfu waliobaki walimu, wakulima, mafundi. Faida yao ilikuwa nyingine: miezi miwili chini ya jicho la mtu mzima, mwili wenye afya, na rafiki wa upande mwingine wa mji.

Brother Colm alikuwa na somo la jiografia la kufundisha. Tegla Loroupe alikuwa na vikombe vyake tayari. Salukombo alikuwa na Ohio. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kusema kazi hii si yangu. Mwezi wa saba utakapofika, shule za Likasi zitafunga tena, na watoto watatoka na buletini zao. Walimu wengi watakwenda kupumzika, na ni haki yao, kwa kuwa mshahara wao ni mdogo na mwaka ulikuwa mrefu. Pengine mmoja wao, au mama mmoja, au kijana mmoja aliyekimbilia hapa kutoka mbali, atawaambia watoto wa mtaa wake wakutane kesho saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya uzio wa shule.